Rumyana anayeomba tone la damu kila asubuhi

Saa moja asubuhi, Rumyana Tsekova amesimama kwenye mlango wa jiko la hospitali, sindano na kichupa vikiwa mfukoni mwa koti lake jeupe. Anaona haya. Mvuke wa supu ya kuku umemjia usoni na miwani imeingia ukungu, naye haivui kuipangusa.

"Mitko," anaita kwa sauti ya chini. "Leo ni zamu yako."

Mitko Ilchev, mpishi mwenye mikono minene kama magogo, anaweka mwiko chini na kugeuka. "Damu yangu tena? Shangazi, jana nimekula kitunguu saumu kichwa kizima. Hiyo mashine yako itakimbia nje."

"Mashine haina pua, mwanangu."

"Basi ina bahati kuliko mke wangu."

Wanawake wanaomenya viazi wanacheka. Mitko anakunja mkono wa shati, anaketi juu ya kreti ya kabichi na kutazama ukutani, maana mwanamume huyu aliyekata nyama tangu ujana wake hapendi kuona damu yake mwenyewe. Rumyana anachukua kidogo tu, anambandika pamba, kisha anasema asante. Akifika mlangoni anageuka, anasema asante tena. Ndivyo alivyo. Mtu akimpa kitu humshukuru mara mbili, kana kwamba ile ya kwanza haikufika.

Kabla hajatoka, mmoja wa wanawake wale anamtia mkononi kipande cha banitsa, ule mkate wa jibini, kimetoka tanurini sasa hivi. "Ukile kingali moto," anamwambia, na kurudi kwenye viazi vyake.

Ni mambo madogo haya. Lakini kwa mwanamke wa miaka hamsini na minane ambaye kwa karibu miaka thelathini hakuwahi kugonga mlango wa mtu ndani ya jengo hili, kila asubuhi ya namna hii ni mlima wa kupanda.

Rumyana ni mpimaji wa damu katika hospitali moja mjini Pleven, Bulgaria. Chumba chake kiko ghorofa ya chini kabisa, kupita mabomba ya maji moto. Mlango wake una kidirisha. Wauguzi hupitisha vichupa hapo, yeye hupitisha majibu hapo hapo. Wengi wanaijua mikono yake, uso wake hawaujui.

Anachotafuta ndani ya vichupa ni kingamwili, wale askari wa mwili wanaotukinga na maradhi. Kila mtu anazo. Ila mara nyingine askari hao hukosea, wakajibandika kwenye chembe nyekundu za mwenye mwili. Bandama, ambayo kazi yake ni kuondoa chembe zilizochakaa, ikiona alama hizo huzila chembe ambazo bado zina nguvu. Mtu anaishiwa damu bila kumwaga hata tone.

"Ni kama karatasi ya msiba," anasema Rumyana.

Mjini hapa hakuna asiyemwelewa. Mtu akifariki, karatasi yenye picha na jina lake hubandikwa mlangoni pake, kwenye nguzo na kwenye kituo cha basi. Hubandikwa tena arobaini ikitimia, na tena mwaka ukitimia.

"Sasa fikiria mtu anakuja na gundi, anabandika karatasi ya msiba kwenye mlango wa aliye hai," anaeleza. "Wachimba kaburi hawaulizi. Wanasoma karatasi, wanabeba."

Hata hivyo, mlango wa mwenye afya nao si safi kabisa. Kila chembe nyekundu ina kingamwili chache zilizoikwamia, "kama vipande vya karatasi za zamani vilivyogoma kubanduka." Ndiyo maana kuuliza kama zipo hakutoshi. Lazima kuuliza ni nyingi kiasi gani.

Kazi yenyewe inataka subira. Anaziosha chembe kwa maji ya chumvi, anazizungusha kwa mashine, anamwaga maji, anaziosha tena na tena. Akitia dawa ya kupimia, chembe zilizobandikwa hushikana vinundu vinundu. Zilizo salama huteleza laini, kama mvinyo ukitikiswa kwenye bilauri.

Hata zikiteleza haridhiki. Huongeza tone la chembe ambazo anajua kwa hakika zimebandikwa. Hizo zisiposhikana, basi dawa ilikuwa imekufa na jibu la kwanza lilikuwa uongo.

"'Hapana' ya bure siiandiki," anasema. "'Hapana' nayo lazima itoe ushahidi."

Mwisho chembe hupita moja moja mbele ya mwanga ndani ya mashine nyingine, nayo huonyesha wingi wa kingamwili. Lakini mashine haijui afya ni nini mpaka ionyeshwe. Kila asubuhi huwekewa kwanza damu ya mtu mzima asiyeumwa, ndipo wagonjwa walinganishwe naye.

Kwa miaka yote hiyo, mtu mzima huyo alikuwa Rumyana mwenyewe.

Hakuna aliyemwagiza. "Niliona haya kusumbua watu," anasema. "Mkono wangu ulikuwa hapa hapa, na haulalamiki."

Alizaliwa kijijini, upande wa mto Danube, kwa baba mkulima wa zabibu. Aliolewa na Kiril, fundi wa reli, mtu wa maneno mengi aliyezungumza kwa niaba ya wote wawili. Kiril alikufa kwa ugonjwa wa moyo miaka sita iliyopita. Karatasi yake ingali mlangoni kwao, ghorofa ya saba, na kila mwaka Rumyana hubandika mpya yenye picha ile ile.

Binti yao wa pekee, Desislava, yuko Valencia, Hispania, anatunza wazee wa watu. Mshahara wa Rumyana ni leva elfu moja na mia sita kwa mwezi. Miezi ya baridi sehemu kubwa inamezwa na joto la nyumba, kwa hiyo yeye hufunga vyumba vyote, akaishi jikoni na redio.

Kila Jumapili binti hupiga simu. "Hujambo, Mama?" Naye hujibu, "Sijambo." Kisha wanazungumza habari za hali ya hewa, ya huku na ya kule.

Ilikuwa asubuhi moja ya Novemba, ukungu umeziba tambarare yote hata mnara wa kanisa hauonekani, damu ya Rumyana iliposhikana.

Aliinua kichupa kwenye mwanga. Vinundu. Alikitikisa taratibu. Vinundu vile vile.

Mpimaji yeyote wa kawaida angeona vinundu akamfikiria mgonjwa. Rumyana aliona vinundu akaifikiria dawa, kwa sababu damu ile haikuwa ya mgonjwa, ilikuwa kipimo. Akaitupa chupa nzima ya dawa. Akafungua mpya, na damu ikashikana. Akamwaga maji ya chumvi, akachemsha mengine. Ikashikana. Akamwita fundi aje atazame mashine ya kuzungusha, naye fundi akaipaka mafuta, akanywa kahawa, akasema haina neno.

Majibu ya wagonjwa aliyazuia. Hakupitisha hata moja kidirishani.

Aliyemzindua ni Gina Marcheva, msafishaji wa ghorofa ile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele.

"We Rumyana, umeosha hivyo vichupa kuliko mimi nilivyoosha ukumbi. Kuna nini?"

"Dawa imeharibika."

"Asubuhi ulisema maji."

"Na maji pia."

"Jana ikawa mashine. Basi humu kila kitu kimeharibika isipokuwa wewe." Gina aliegemea ufagio wake. "Nyani haoni kundule, shoga yangu."

Aliyasema kwa utani tu. Lakini Rumyana aliweka kichupa chini.

"Gina, nipe mkono wako."

"Upi? Wa kulia au wa ufagio?"

Damu ya Gina ikateleza laini kama mvinyo.

"Haya, nitaishi?" aliuliza Gina, akishusha mkono wa sweta.

"Utatuzika sote," alijibu Rumyana, na Gina akaenda zake akicheka, ndoo inagongagonga ukumbini.

Mganga hajigangi, na kipimo hakijipimi. Rumyana aliketi juu ya kigoda na mikono mapajani. Alijua vizuri kinachoweza kufuata. Mwaka uliotangulia ilipita kidirishani damu ya mshonaji mmoja wa kijijini, Katya Pavlova, iliyoshikana mpaka ikawa bonge. Macho ya Katya yalikuwa ya njano, hana nguvu ya kuinua mkasi. Alipona, lakini alivuka bonde refu kabla ya kupona.

"Nilimfikiria yeye," anasema Rumyana. "Halafu nikafikiri nimwambie nani. Nikahesabu watu, nikafika kwa Kiril nikakwama."

Daktari wa damu, Ventsislav Gergov, alishuka mwenyewe kutafuta majibu yake yaliyochelewa. Ni kijana mpole, bado anavaa soksi alizofumiwa na bibi yake. Aliinama kidirishani.

"Shangazi Rumyana, umenisusia? Wagonjwa wangu wananing'ang'ania."

Rumyana alimpitishia majibu yote, aliyoyapima upya kwa kulinganisha na damu ya Gina. Juu yake aliweka karatasi moja isiyo na jina. Daktari aliisoma hapo hapo.

"Huyu ni nani? Mlete nimwone."

"Ameshaletwa."

"Yuko wapi?"

"Anazungumza na wewe."

Uso wa daktari ukaondoka kidirishani. Kisha kitasa kikazunguka, na daktari akaingia. Rumyana hakumbuki daktari mwingine aliyewahi kuingia chumba kile. Kiti cha pili hakikuwepo, kwa hiyo kijana aligeuza ndoo ya Gina chini juu, akaketi.

Alimvuta kope kwa kidole, akamtazama macho kwenye mwanga wa taa. "Meupe. Unachoka?"

"Nina miaka hamsini na minane, nakaa ghorofa ya saba na lifti ni mbovu. Nitajuaje?"

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimweleza bila kumficha. Wingi wa damu yake ulikuwa mzuri. Wapo watu wenye kingamwili nyingi kwenye chembe zao wanaoishi miaka na miaka bila kuugua, bandama yao inazisoma zile karatasi na kupita. Na wapo ambao kwao hiyo ni hatua ya kwanza ya ugonjwa.

"Mimi ni yupi?"

"Leo siwezi kukwambia, Shangazi. Ningekudanganya. Tutapima kila mwezi, tutaona kama zinaongezeka."

"Na damu ya kulinganishia wagonjwa?"

"Yako haifai tena. Utaomba."

"Nitamwomba nani?"

Daktari Gergov alionekana kutoelewa swali. "Watu," alisema. "Jengo limejaa watu."

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Kila mwezi Rumyana alijitoa damu na kumpelekea daktari. Namba ya kipimo cha pili ilipanda kidogo. Ya tatu ikabaki palepale. Nyumbani alijizoeza kujitazama macho kwenye kioo cha jikoni kila asubuhi, akivuta kope kama alivyofanyiwa.

Usiku wa kuamkia Krismasi aliandaa meza kama inavyotakiwa, vyakula visivyo na nyama, maharage, pilipili hoho zilizojazwa wali, matunda makavu. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeumega mkate, kipande kwa kila aliyepo na kila aliye mbali. Aliumega. Cha nyumba, cha Kiril, cha Desislava, cha kwake. Akavipanga mezani, akala kimoja.

"Nilimwambia Kiril siku ile," anasema. "Yeye ni mtu mzuri wa kumwambia. Hana wa kumpelekea maneno."

Desislava alipopiga simu, nyuma yake kulikuwa na kelele za sikukuu. "Hujambo, Mama?" Naye akajibu, "Sijambo."

Kazini, kwa wiki za mwanzo, aliomba damu kwa Gina peke yake, mpaka Gina akagoma.

"Unataka kunikamua kama mbuzi? Humu ndani nipo mimi tu?"

"Wengine siwajui."

"Miaka thelathini huwajui! Basi nisikilize." Gina alishika kiuno. "Unajua wanasemaje juu yako jikoni? Wanasema unaringa. Hujibu salamu, unapita kama malkia. Jana nimewaambia, haringi yule, anaona haya. Wamenishangaa."

Maneno hayo yalimchoma Rumyana, hakuficha. Lakini anayahesabu miongoni mwa wema aliotendewa mwaka huu. Kesho yake Gina alimshika mkono, akamvuta mpaka jikoni, akamsimamisha mbele ya Mitko na kusema, "Huyu hapa. Anataka damu ya mtu asiye na maradhi. Kama yupo."

Mitko ndiye aliyejitolea wa kwanza. Akafuata dereva wa gari la wagonjwa, mfuaji nguo, na mlinzi ambaye damu yake ilishikana pia, kidogo, naye akapelekwa kwa Daktari Gergov akiwa mweupe kama chaki. Alirudi akiwa amejaa majigambo kwamba yeye na Shangazi Rumyana ni watu wa aina ya pekee.

Huwaeleza kila mmoja damu yake itafanya kazi gani. Hakuna anayekumbuka maelezo. Wanakumbuka kumletea kitu, boga la kuoka, nusu chupa ya mvinyo wa nyumbani, habari za mtoto aliyefaulu. Dereva aliona hana kiti cha mgeni, akashuka na kiti kibovu alichokigongea misumari mwenyewe. Kinayumba, lakini kipo.

Tarehe mosi Machi, Katya Pavlova alikuja kwa kliniki yake. Siku hiyo Wabulgaria hufungana mikononi uzi mweupe na mwekundu, wakitakiana afya. Uzi huo mtu hupewa na mwenzake, na huvaliwa mpaka mvaaji aone korongo wa kwanza au mti uliochanua. Katya aligonga kidirishani.

"Huyu anayehesabu damu yupo? Nina kitu chake."

Zamani Rumyana angenyoosha mkono, akapokea, akashukuru mara mbili. Safari hii alifungua mlango.

"Ni wewe?" Katya alimtazama juu mpaka chini. "Mimi nilidhani ni mzee wa kiume, ana ndevu. Mwaka mzima nakuombea kama babu!"

"Pole kwa kukuangusha."

"Haidhuru, dua imefika kwa mwenyewe. Lete mkono." Alimfunga uzi kwa vidole vya mshonaji, fundo dogo lisiloonekana. "Uwe mzima, uwe mweupe na mwekundu. U mzima lakini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lile la kila Jumapili. Rumyana anasema hajui kwa nini halikutoka.

"Sijui bado," alimjibu. "Na mimi damu yangu imeshikana."

Katya hakusema usiogope. Hakusema Mungu yupo. Aliendelea kuushika mkono ule wenye uzi. "Na mimi sijui bado," alisema. "Kila nikipima sijui bado. Unalala?"

"Kidogo."

"Pika chai ya maua ya mti wa mlinden, weka asali. Haisaidii, lakini unakuwa na cha kufanya." Akaketi kwenye kile kiti kinachoyumba, akakaa mpaka basi la kijijini likakaribia.

Wiki iliyopita damu yake ilipimwa kwa mara ya tano. Kingamwili za Rumyana zingali nyingi kuliko za Mitko na Gina, lakini hazijaongezeka tena, na damu yake haijapungua. Kuanzia sasa atapimwa kila baada ya miezi mitatu.

"Kwa leo," Daktari Gergov alimwambia, "wewe ni mtu mzima mwenye karatasi mlangoni."

"Kwa leo," anarudia Rumyana, na anatabasamu kidogo. "Ni jibu la kweli. Lina ushahidi."

Asubuhi hii, damu ya Mitko imeteleza laini, kitunguu saumu na yote. Rumyana anaongeza tone lake la uhakika, linashikana kama inavyopasa, na ndipo anaanza vichupa vya wagonjwa. Banitsa imepoa karibu yake. Uzi wa Katya umechafuka kidogo pembeni. Korongo hawajafika bado, na mti wa plamu wa uani, unaoonekana nusu tu kwenye dirisha la juu, una vichomozo vilivyofumba.

Ana mpango. Mei atachukua likizo aende Valencia, mara yake ya kwanza kupanda ndege. Atabeba pilipili za kuoka za chupa na picha ya Kiril, ile isiyo ya karatasi ya msiba, ile anayocheka.

Lakini Desislava hajui lolote, na Rumyana alitaka kumweleza wakiwa wameketi pamoja. Alipoulizwa na gazeti hili kama basi habari hizi zisiandikwe mpaka Mei, alifikiri sana, akizungushazungusha uzi mkononi.

"Hapana, andikeni," alisema. "Kuna jirani humtumia Desislava kila kinachoandikwa huku. Gazeti linatoka Jumatatu, sivyo? Jumapili huja kabla ya Jumatatu."

Na atasema nini, mtu aliyejibu neno moja miaka yote?

Rumyana anainua kichupa kingine kwenye mwanga, anakitikisa taratibu.

"Nitamwomba aniulize hali mara mbili," anasema. "Ya kwanza nitamdanganya tu, kwa mazoea. Ya pili nitamjibu."